Uvimbe katika Mfuko wa Uzazi: Wanaume Nao Wajue

(Hotuba iliyotolewa Kifanya kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie afya. Nimechagua uvimbe wa nyama katika mfuko wa uzazi, unaoitwa faibroidi. Najua baadhi yenu mnatazamana. Lakini katika nyumba nyingi za huku kwetu anayetoa nauli na gharama za hospitali ni mume, naye ndiye asiyejua lolote juu ya ugonjwa huu. Humwona mkewe akichoka shambani, mimba haishiki, na majirani wanasema mama huyo amerogwa.

Vijana wa biolojia wanajua kuwa ukuta wa mfuko wa uzazi ni msuli. Uvimbe huu ni msuli huohuo uliokua kupita kiasi. Waweza kuwa kama haragwe, au kama kichwa cha mtoto. Homoni za kike huulisha, ndiyo maana aghalabu hunywea hedhi ikikoma. Si saratani. Tena ni wa kawaida mno: utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika huwa nao. Wengi hawasikii chochote.

Taabu hutegemea mahali ulipoota. Ukitokeza ndani ya mfuko, damu ya hedhi huwa nyingi na mimba yaweza kutatizika. Ukiota upande wa nje, hubana kibofu, na mama huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo. Mama anayebadili kitambaa kila saa, anayetoka mabonge ya damu, au anayeona kizunguzungu, asingoje mavuno. Akitokwa damu baada ya hedhi kukoma, apimwe haraka, maana hapo lazima saratani itafutwe. Wakati anachemshiwa mizizi, damu inaendelea kupotea.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, haiumi. Nendeni Kibena pale Njombe, au Ilembula kwa kupitia Makambako, au Ikonda kule Makete.

Sasa tiba. Uvimbe usiosumbua huachwa, ukaangaliwa tu. Damu ikiwa nyingi, ziko dawa za kuipunguza, pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kurudisha nguvu. Ziko sindano zinazonywesha uvimbe kwa muda, mara nyingi kabla ya upasuaji. Zikiachwa, uvimbe hukua tena.

Upasuaji ni wa namna mbili, na hapa ndipo wanaume wengi huchanganya. Namna ya kwanza huondoa uvimbe na kuacha mfuko. Mama anaweza kuzaa, ingawa uvimbe waweza kurudi, na huenda akajifungua kwa kupasuliwa. Ya pili huondoa mfuko wote. Uvimbe haurudi, lakini hatazaa tena. Wanaodhani mama huyo si mwanamke kamili wanakosea: ovari zikiachwa, homoni huendelea kutoka. Kuna pia kuziba mishipa inayoulisha uvimbe, bila kupasua tumbo. Wataalamu wa fani hiyo walianza kufunzwa Muhimbili mwaka 2018, lakini kutoka hapa ni safari ya karibu kilometa 700, na kwa mama anayetaka kuzaa bado daktari hupendelea upasuaji wa kwanza.

Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari ni hili: je, mfuko waweza kubaki? Mama aulizwe mwenyewe kama anataka mtoto, asisemewe na mume wala mama mkwe.

Na damu. Upasuaji huu waweza kupoteza damu nyingi, na ndugu huombwa wachangie. Mwanamume mwenye afya, wa miaka 18 au zaidi, mwenye uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa kila baada ya miezi 3.

Niko tayari kwa maswali. Akina mama mlioketi nyuma, anzeni ninyi.