Gari Halijaguswa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo wauza magari yaliyokwisha tumika hulipenda sana: "Gari hili halijaguswa."

Neno hilo nililisikia katika yadi moja hapa Mombasa, nikiwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa amestaafu, na fedha zake za kiinua mgongo zilikuwa zimekwisha pangiwa kazi: kununua Nissan Caravan, kuitia viti, na kuifanya matatu. Akanichukua mimi kwa sababu, alisema, mtu wa redio anajua kuuliza maswali. Kumbe maswali niliyoyajua ni ya kuwauliza mawaziri. Nilizunguka gari, mikono nyuma. Rangi nyeupe, inang'aa. Injini ililia vizuri. Redio yake nayo ilikuwa safi, nami, kwa maradhi ya kazi yangu, niliisikiliza kuliko nilivyoisikiliza injini. Muuzaji akasema halijaguswa. Shemeji akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa.

Baada ya miezi miwili tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Likafungwa jipya, nalo likaliwa vivyo hivyo. Ndipo fundi alipoliweka gari juu ya shimo, akakwangua rangi nyeusi iliyopakwa chini, akakuta chesisi imekatwa na kuungwa kwa kuchomelewa. Gari lilikuwa limegongwa mbele, likanyooshwa, likapakwa rangi. Wapi na lini, hatukujua.

Sasa fikiria jinsi Caravan ilivyoundwa. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Haina pua ndefu kama gari dogo. Likija lori, kinga ya magoti ya dereva ni bati la mbele na vyuma vinavyolishikilia. Nyuma yake wamekaa abiria 14, na kila mmoja amelipa nauli akiamini vyuma hivyo ni vizima.

Simlaumu mtu kwa kutengeneza gari. Gari la miaka kumi ambalo halijapata kuonana na fundi, hilo ndilo ningelitilia shaka zaidi. Mlango uliobadilishwa au bampa jipya si ugonjwa. Ugonjwa ni mfupa uliovunjika na kufichwa kwa rangi.

Na hauhitaji utaalamu mkubwa kuanza kuushuku. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe juu ya bati: palipo na puti nene haitashika. Tazama bolti za milango. Rangi yake ikiwa imechunika, spana imepita hapo. Kioo chenye alama tofauti na vingine kimebadilishwa, uliza kwa nini. Uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho; ukitoka na matope, huenda gari hilo liliwahi kuzama katika maji. Lakini hayo yote hayashindi kumlipa fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, alitazame kwa chini. Sisi tuliona gharama yake ni ya bure. Ilikuwa ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Magari mengi tunayonunua hutoka Japani, na kule kwenye minada hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye daraja. Herufi R au RA katika daraja hilo ni onyo kwamba gari limepata ajali na kutengenezwa. Iombe karatasi hiyo kabla ya kuzungumza bei.

Sheria nayo haitakubembeleza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, haimpi nafuu mnunuzi aliyekagua mali halafu akalalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo neno "halijaguswa" liandikwe katika mkataba wa mauzo, na kama limeguswa, paandikwe ni wapi, kisha muuzaji atie sahihi. Akianza kutafuta kalamu kwa nusu saa, umekwisha pata jibu lako.

Shemeji aliliondoa gari barabarani siku ile ile, ingawa leseni ya matatu ilikuwa bado hai na dereva alikuwa tayari kuendelea. Wiki chache baadaye akaja mnunuzi, kijana mwenye fedha za mkopo wa Sacco. Shemeji akaniuliza faraghani tumwambie nini. Kopo moja la rangi nyeusi lingetosha kuificha ile sehemu iliyochomelewa, na neno la kusema tulikwisha lijua. Sikumjibu upesi, nakiri. Akaniacha nimesimama pale, akamshika kijana mkono, akampeleka mpaka kwenye shimo.

Gari liliuzwa vipurivipuri, kwa chini ya nusu ya fedha zilizonunuliwa. Dada yangu bado hunikaribisha chakula siku za Jumapili, ila mambo ya magari huwauliza watu wengine.