Blanketi la Nchi Yetu, Pande kwa Pande
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi, mama na vijana)



Tumeombwa kusema juu ya blanketi la vipande ambalo mama wa chama wanataka kulishona, nasi tumekubali, ingawa ndugu wengine walicheka. Walisema: Makarani na sindano, wapi na wapi? Tunawajibu kwa swali. Katika mitaa yetu ni nani anayekaa barazani na mashini ya kushona tangu asubuhi mpaka jua kuzama? Ni matayeri, wanaume wenye ndevu, na hakuna mtu anayewacheka siku anapotaka suruali ya sikukuu. Basi, tuendelee.

Kipande ni kitambaa kilichokatwa kwa makasi. Pande ni vipande vilivyounganishwa mpaka vikawa mraba mmoja. Katika blanketi la namna hii kila pande lina mchoro wake, wala halifanani na la jirani. Kwa hiyo msichana anayelishona mpaka mwisho amejifunza mishono yote: mstari ulionyooka, pembe, nyota, na kubandika kitambaa juu ya kitambaa. Zamani, katika kampi za Union Minière, masista waliwafundisha mama zetu kushona kwa usafi, na hatuwanyimi shukrani. Lakini kazi ya vipande haikuja kwa meli. Waulizeni Wakuba wa Kasai. Kwao wanaume hufuma rafia, na wanawake hutarizi. Kitambaa kinachotoka kwenye mtambo ni kidogo, sababu uzi wake hauzidi urefu wa jani. Kusudi kipatikane nguo ya sherehe, lazima vipande vingi viungwe, na nguo moja hupita katika mikono ya watu wengi wa ukoo. Tena kitambaa hicho hutwangwa kilainike, na pale kinapotoboka hubandikwa kiraka. Viraka vikapendeza, wakaanza kuvibandika hata pasipo tundu. Wageni wamevipeleka vitambaa hivyo katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, vikatundikwa ukutani.

Sasa hesabu. Hapa karani ana faida yake. Tumepanga mapande 12, matatu kwa upana na manne kwa urefu. Kila pande likimalizika liwe na sentimita 30 kila upande. Kwa hiyo litakatwa sentimita 32, maana mshono unakula sentimita moja kila ukingo. Kati ya mapande, na kuzunguka yote, utapita mshipi wa sentimita 5, unaokatwa 7. Jumla ni sentimita 110 kwa 145. Nusu ya kikwembe, yaani yadi 3, inatosha mgongo na mishipi yote. Katikati mtatia blanketi jembamba lililochakaa, hapana haja ya kununua kitu.

Tunawaonya juu ya mshono. Mtu akisema, milimita 2 ni kitu gani? ahesabu. Pande lenye mistari 6 lina mishono 5 ndani yake. Kila mshono ukila milimita 2 zaidi kwa huku na 2 kwa huku, pande limepoteza sentimita 2 nzima, na halitakubali kukaa karibu na wenzake hata ukilivuta. Mpasuko wa blanketi unaanzia pale. Tena, fueni kitambaa chekundu kabla ya kukikata, mkirudia mpaka maji yatoke meupe. Chekundu kisichofuliwa kitalia juu ya cha manjano siku ya mvua ya kwanza.

Pande la kwanza ni la buluu lenye nyota ya manjano katikati. Mzee mmoja alituuliza: mnataka kushona bendera ya Leopold? Ameuliza vizuri. Nyota ile juu ya buluu ilianza mwaka 1877 katika chama cha mfalme huyo, ikawa bendera ya dola lake mwaka 1885, na tangu 1908 mpaka 1960 ikapepea juu ya koloni la Wabelgiji. Lakini tarehe 30 Juni 1960 Kongo iliichukua ikaongeza nyota ndogo 6 kandokando ya mlingoti, moja kwa kila jimbo: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Kasai na Katanga. Zile sita ndizo tunazozitaka. Nyota kubwa ikatwe kwa karatasi iliyokunjwa, ibandikwe. Zile ndogo msijaribu kuzikata, zitawapasukia mikononi. Zitarizini kwa uzi.

Juu ya mpira wa miti, siku za Leopold, tulibishana sana. Vijana walitaka mkono uliokatwa. Picha za mambo yale zipo, mmisionari Alice Seeley Harris alizipiga, na dunia iliziona. Sisi hatukubali mkono. Kitu kile hakifai kuzungushiwa uzi mzuri kama ua. Tutashona kikapu, ambacho mpira ulipelekwa ndani yake kupimwa, nacho kitakuwa kitupu. Mtoto akiuliza kwa nini kikapu hakina kitu, mkubwa aliye karibu amweleze.

Pande la mwaka 1941 limekatwa tayari. Ni kitambaa cheupe chenye mistari myembamba myeusi, kama ukurasa wa daftari la mishahara. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma mwezi wa Desemba wa mwaka ule kwa sababu ya mshahara, vita vilipokuwa vimepandisha bei ya kila kitu na shaba ikitakiwa kwa wingi. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966. Askari walipiga risasi, wakafa makumi ya watu. Karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, aliuawa pale. Sisi tunaoandika majina katika madaftari tunajua maana ya mstari unaobaki bila jina. Basi mistari kadhaa ya pande hili itapitishwa uzi mwekundu kutoka ukingo mpaka ukingo, na hakuna neno litakaloandikwa.

Tunafika sasa penye ugomvi, wala hatutauzunguka. Ni msalaba wa shaba. Ndugu wengine wamesema wazi kwamba pande hili likiingia, wao watatoka. Wanakumbuka kwamba tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi yake peke yake, na kwamba bendera ya mtengano ule, uliodumu mpaka Januari 1963, ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Wanakumbuka pia kwamba Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961, na kwamba kilichorudi kwake kutoka Ubelgiji mwaka 2022 ni jino moja. Machozi hayo ni ya haki, na sisi tunayo.

Lakini msalaba ule ulizaliwa lini? Karibu na ziwa Kisale, pale Sanga, makaburi ya kale yalichimbuliwa katika miaka ya 1950, na misalaba ikakutwa pamoja na maiti waliolala karne nyingi kabla ya Mbelgiji wa kwanza. Babu zetu walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta mpaka shaba ikatoka kama maji, wakaimimina. Msalaba ulikuwa mali: uliposhwa mke kwao, ulinunua chakula na silaha, ulitembea mbali kuliko miguu ya mtu mmoja. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 tu. Ilikuta mashimo yamekwisha kuchimbwa. Mtu akivaa koti la baba yako akaenda kupigana nalo sokoni, hulichomi moto. Unalichukua, unalifua, unalirudisha nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba msalaba uingie, lakini uwe mmoja, si mitatu. Usiwekwe pembeni kama mgeni, ukae mstari wa pili, katikati. Na jirani yake wa kuume liwe pande la Kasai, lenye mchoro wa rafia wa Wakuba. Hatusemi hivyo kwa ajili ya urembo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu. Wengi walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na kampuni kuchimba shaba hii hii. Walilala stesheni wakingoja treni, watoto wakafa kabla treni haijafika. Wapo mama katika chumba hiki wanaoijua stesheni ile. Tunaomba mama wa asili ya Kasai ashone msalaba wa shaba, na mama wa Katanga ashone pande la Kasai, wakae meza moja, na mshipi ulio kati ya mapande hayo mawili waushone pamoja, mmoja akianzia juu, mwingine chini. Asiyeweza kukaa hapo asilazimishwe. Kuna mapande mengine: mahindi, mto, njia ya reli, hayo hayana ugomvi.

Kijani cha Zaire je? Bendera ile ilikaa tangu 1971 mpaka 1997. Hatuwezi kuruka miaka 26 kama shimo la barabarani. Itapata mstari mwembamba katika pande la reli, inatosha.

La mwisho ni bendera ya leo, iliyokubaliwa mwaka 2006: buluu ya mbingu, nyota pembeni juu, na mstari mwekundu wenye kingo za manjano ukipanda kutoka chini upande wa mlingoti. Mstari wa kupanda ni mgumu, kwa maana kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika kama mpira. Msikate buluu. Acheni mraba mzima, mbandike juu yake utepe wa manjano kwanza, kisha mwekundu ulio mwembamba zaidi. Toka pembe mpaka pembe ni sentimita 42 na kitu. Kateni 48, mpunguze baadaye. Pigeni pasi kwa kukandamiza, msiisukume.

Juu ya msalaba, mtapiga kura leo kabla ya kutoka, wanaume na mama pia, kila mtu punje moja ya mahindi: kikombe cheupe kukubali, cha buluu kukataa. Kazi itaanza Jumamosi baada ya saa za kazi. Leteni vikwembe vya zamani vilivyofuliwa, na kila anayekuja alete makasi yake, sababu tunayo mawili tu, na moja halikati.