Viza ya Ujerumani na Hesabu ya Miezi: Mada kwa Washauri wa Vijana katika Vyuo vya Uuguzi na Ufundi



Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi. Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walikuwapo. Siku hiyohiyo zikaenea habari kwamba Ujerumani imetoa nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha upesi na kueleza kwamba mkataba hautaji idadi wala mgao wowote, na kwamba kila mwombaji atapimwa kwa masharti ya sheria yao. Kanusho hilo halikufika mbali kama tangazo lenyewe. Bado kuna familia zinazoitaja idadi ile zikikaa kupanga safari ya mtoto, na kuna mashamba yanayouzwa kwa ajili yake.

Sikuja kuwavunja moyo vijana wetu. Ujerumani ina uhaba wa kweli wa wauguzi, mafundi umeme na madereva. Mkataba unatiwa saini, madereva watano wa basi kutoka Kenya walikuwa wamekwisha kupokelewa Flensburg, kaskazini mwa nchi hiyo, katika mradi wa majaribio. Hoja yangu ni kwamba watu wawili wanaweza kufanya kazi katika wodi moja, zamu moja, mmoja akawa ameanza safari ya kuelekea ukaazi wa kudumu na mwenzake akawa hajaianza. Kinachowatenganisha ni kifungu cha sheria kilichoandikwa kwenye kibali, na mara nyingi kifungu hicho kilichaguliwa huku nyumbani, na mtu ambaye hakuwaeleza maana yake.

Sheria ya Ujerumani ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi ilianza kutumika tarehe 1 Machi 2020, kisha ikalegezwa kwa awamu kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Tangu hapo mwenye ujuzi anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Zamani ilikuwa 4. Awe amechangia mfuko wa pensheni wa taifa kwa miezi 36, ajue Kijerumani cha kiwango cha B1, ajitegemee kwa kipato, na awe na makazi ya kutosha. Mwenye shahada aliyepewa Kadi ya Buluu ya Ulaya husubiri miezi 27 akiwa na Kijerumani cha A1, au 21 akifikia B1. Aliyehitimu mafunzo ndani ya Ujerumani husubiri miaka 2 tu ya kazi ya fani yake.

Hesabu hiyo ya miaka 3 haianzi siku mtu anapotua Frankfurt. Huanza siku anapokabidhiwa kibali cha mwenye ujuzi kamili, yaani kibali kilichotolewa chini ya kifungu cha 18a kwa mafundi na wauguzi, 18b kwa wenye shahada, au vifungu viwili vingine vinavyowahusu watafiti na wenye Kadi ya Buluu.

Mchukueni muuguzi aliyesoma diploma ya miaka 3 hapa Kenya. Uuguzi nchini Ujerumani ni taaluma inayolindwa na sheria, kwa hiyo cheti chake lazima kitambuliwe na mamlaka ya jimbo analokwenda. Kwa kawaida mamlaka humjibu kwa barua inayoonyesha mapungufu ya masomo yake yakilinganishwa na ya kwao, na kumtaka ama ahudhurie mafunzo ya kujazia au afanye mtihani wa maarifa. Juu ya hayo atadaiwa Kijerumani cha B2. Akisafiri ili kukamilisha mambo hayo huko, hupewa kibali cha kifungu cha 16d, na wakati huo hufanya kazi kama msaidizi wa muuguzi, kwa mshahara wa msaidizi. Michango yake ya pensheni inaingia kwenye hesabu, lakini muda wa kibali hicho hauingii katika ile miaka 3. Akishindwa mtihani wa lugha mara ya kwanza na ya pili, kama inavyowatokea wengi wanaosoma usiku baada ya zamu, miaka inapita naye yuko palepale.

Tangu Machi 2024 kuna mlango mwingine wa namna hiyo, ambapo mwajiri na mfanyakazi hukubaliana kuanza kazi kwanza na kutafuta utambuzi wa cheti baadaye. Mtu huweza kuingia na Kijerumani cha A2 tu, kibali kikitolewa kwa mwaka mmoja na kuongezwa hadi 3. Ni mlango mzuri kwa mwenye mwajiri makini anayempa saa za darasa ndani ya juma la kazi. Kwa kijana aliyeondoka na deni naona ni mtego, kwa sababu deni litamsukuma achukue zamu za ziada, na zamu za ziada zitamnyima muda wa lugha. Ushauri wangu ni afikishe B2 akiwa huku, na maombi ya kutambuliwa cheti yatumwe kabla ya viza. Mwajiri aliye tayari kulipa euro 411 za utaratibu wa haraka anaipa mamlaka miezi miwili ya kuamua tangu nyaraka zinapokamilika. Mwulizeni kila mwajiri kama yuko tayari.

Muuguzi aliyehitimu pia huletewa mara kwa mara pendekezo la kuanza upya kama mwanagenzi. Kwa aliyemaliza kidato cha nne tu, uanagenzi wa uuguzi ni njia bora: miaka 3, na katika hospitali za umma mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Kisha miaka 2 ya kazi, na anaomba ukaazi wa kudumu. Kumrudisha darasani mtu mwenye diploma na miaka ya wodini, kwa sababu tu viza ya uanagenzi ni rahisi zaidi kwa wakala kuishughulikia, ni kumpotezea mtu taaluma aliyoitolea jasho. Linaniudhi sana jambo hili.

Kuhusu Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024, nitasema machache. Humruhusu mwenye angalau alama 6 kukaa mwaka mmoja akitafuta kazi, huku akifanya vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki. Kwa mwaka 2025 mwombaji alitakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa kwake, zaidi ya euro 13,000 kwa mwaka mzima. Kadi hii haimwajiri mtu, na muda wake hauhesabiwi katika miaka 3. Wakala anayeiuza kama viza ya kazi anadanganya.

Pesa za familia zitumike kwenye lugha, mitihani na nyaraka. Ada ya kutafutiwa kazi ni juu ya mwajiri; serikali ya Ujerumani ina hata nembo ya uajiri wa haki wa wauguzi inayolishikilia sharti hilo. Hapa kwetu wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo unaweza kukaguliwa kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Hata ukaazi wa kudumu ukipatikana, una masharti yake. Kwa kawaida hupotea mtu akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 mfululizo bila idhini. Anayerudi kumuuguza mzazi aombe idhini hiyo kabla ya kuondoka. Aliyepata kibali cha ujuzi kwa mara ya kwanza kuanzia 1 Machi 2024 anaweza pia kuomba wazazi wake wamfuate, mradi awagharimie maisha na bima ya afya. Uraia nao huweza kuombwa baada ya miaka 5, na tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haimdai mtu aukane uraia wake wa awali. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Kwa wenzetu waliovuka kutoka Tanga kuja kutusikiliza, sheria ya Tanzania hairuhusu hivyo kwa mtu mzima, kwa hiyo kwa wengi wenu ukaazi wa kudumu ndio mwisho wa safari ya makaratasi, na ni lazima uchungwe kuliko sisi tunavyouchunga.

Napendekeza mambo mawili kwa vyuo vyetu. Kijerumani kianze mwaka wa pili wa masomo, kwa ratiba ya chuo, si baada ya kuhitimu wakati kijana keshaanza kuhangaika na nauli na kodi ya chumba. Na kila chuo kimteue mwalimu mmoja wa kusoma mikataba ya kazi kabla wanafunzi hawajatia saini, ambaye swali lake la kwanza kwa wakala litakuwa kibali kitatolewa chini ya kifungu gani, na jibu alitake kwa maandishi.