Programu Uliyoinunua Ikifa Baada ya Simu Kusasishwa, Nani Alipe?

 

Nimeombwa nizungumzie haki za mlaji hapa Uingereza. Umenunua programu ya simu kwa pesa yako, usiku simu inajisasisha, asubuhi programu haifunguki. Wengi wetu tunanung'unika kidogo kisha tunanunua nyingine. Kwani pauni 3 ni kitu cha kugombana? Ndiyo, ni kitu! Birika linalovuja si ungelirudisha dukani?

Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, kifungu cha 40, inasema muuzaji akiibadilisha programu baada ya kukuuzia, bado lazima iwe na ubora unaoridhisha, ifae kwa kazi yake na ilingane na maelezo yake. Unadai kwanza aitengeneze au akupe nyingine. Akishindwa, unadai apunguze bei, na punguzo hilo laweza kufika bei yote. Za bure kwa kawaida hazimo.

Sasa mgogoro uko hapa. Septemba 2017 Apple walipotoa iOS 11, programu za zamani za biti 32 ziliacha kufunguka kwenye simu zilizopokea toleo hilo. Programu zenyewe hazikuguswa, simu ndiyo iliyobadilika. Katika hali kama hiyo mwenye programu anasema kaulize wenye simu, na wenye simu wanakurudisha kwa mwenye programu. Kifungu cha 40 hakimbani vizuri yeyote kati yao. Majirani wa Umoja wa Ulaya wana agizo linalotumika tangu Januari 2022, linalomtaka muuzaji atoe masasisho ya kuiweka programu sawa kwa muda ambao mnunuzi ana haki ya kuutarajia. Wabunge wetu hapa waulizwe kwa nini sisi hatuna.

Mimi ni muuguzi, mchezo wa simu ukifa sina machozi. Kinachonitisha ni programu za kisukari. Februari 2025 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitahadharisha kuwa simu ikisasishwa, kengele ya kuonya sukari imeshuka au imepanda inaweza isilie. Ilitaja taarifa za madhara makubwa, hata vifo. Jamani, wangapi humu wana mzazi Unguja au Mombasa anayetumia simu tuliyomtumia sisi? Mzimieni kujisasisha kwenyewe, na kabla ya kukubali toleo jipya someni mwenye kifaa anasemaje. Likishaingia, hakikisheni kengele inalia.

Kwa madai, risiti ziko kwenye barua pepe zenu, na Citizens Advice wanatoa ushauri bure. Nimeandaa mfano wa barua ya madai kwa Kiswahili na Kiingereza, nakala ziko mezani kwa katibu.