Hundi ya Lena Younger Ikifika Korogwe



Nimekuja na ombi. Naomba tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, ichezwe hapa Korogwe, kisha Handeni, kwa Kiswahili na kwa wachezaji wa hapa. Ilianza kuonyeshwa Broadway, New York, tarehe 11 Machi 1959, mwandishi akiwa na miaka 28. Kabla yake hakuna mwanamke Mweusi ambaye tamthilia yake ilikuwa imepanda jukwaa la Broadway.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Familia ya Younger, watu watano wa vizazi vitatu, wamebanana katika vyumba vichache upande wa kusini wa Chicago, na bafu wanachangia na majirani. Mzee wa nyumba amefariki, na bima inamletea mjane wake, Lena, hundi ya dola 10,000. Mwanawe Walter Lee, dereva wa tajiri, anataka kufungua duka la pombe. Binti yake Beneatha anataka kusomea udaktari. Mama anataka nyumba. Hakuna mfalme wala vita. Kuna hundi moja, na watu wanaopendana wameitolea macho.

Hapa naomba tukae kidogo. Mtazamaji wa Handeni hatangoja mchezo ufike mwisho ndipo apige hesabu ya mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani dola 1,250. Zinabaki 8,750. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja: Walter 5,833, Beneatha 2,917. Sasa tazameni alichofanya Lena. Analipa 3,500 kama malipo ya kwanza ya nyumba. Zile 6,500 zilizobaki anamkabidhi Walter, akimwagiza aweke benki 3,000 kwa masomo ya dada yake. Binti, basi, ametengewa karibu sawasawa na fungu lake la sheria, na aliyemtengea ni mama Mkristo wa Chicago ambaye thumuni hakuwa na habari nayo. Kwa hesabu zetu aliyepunjwa ni Walter. Mwanasheria atanyanyuka aseme fedha ya bima ni ya yule aliyeandikwa jina, kwa hiyo mama hakumdhulumu mtu. Atazomewa. Kisha Walter anampa rafiki yake, Willy Harris, fedha zote, za dada yake zikiwamo, na Willy anatoweka nazo. Nadhani waliokuwa wakimtetea Walter watanyamaza, lakini si wote.

Wazigua nao wana swali lao la pili. Kwa asili ukoo wao unahesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno katika nyumba ya dada yake. Wasambaa wao huhesabu kwa baba. Mzee wa Handeni atauliza: mjomba yuko wapi? Kikao kilikaliwa lini, na nani alikisimamia? Katika nyumba ya akina Younger hakuna mtu wa namna hiyo. Lena na mumewe waliacha jamaa zao Kusini mwa Marekani walipohamia Chicago, na upweke huo mtazamaji wa New York anaweza kuupita bila kuuona. Wa kwetu atauona dakika za mwanzo.

Ugomvi wa mjane na ukoo si mgeni katika tamthilia ya Kiswahili. Ebrahim Hussein aliuandikia Kwenye Ukingo wa Thim mwaka 1988, baada ya kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno huko Kenya, ambamo mjane Wambui alishindwa na ukoo wa mumewe. Lakini tamthilia zetu tumezifanya mali ya chumba cha mtihani. Ngoswe ya Edwin Semzaba inajulikana na kila aliyepita sekondari. Waliomwona mhusika wake, Mzee Mitomingi, amesimama jukwaani akikohoa na kufoka ni wangapi? Tunawafundisha vijana kuorodhesha dhamira, tena kwa nambari.

Kuna watakaosema kisa kihamishiwe hapa, Chicago iwe Dar es Salaam na Lena aitwe Mwanahamisi. Napinga. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare mwaka 1963 aliiacha Roma ikabaki Roma, na hakuna aliyepotea njia. Mwaka 1983 Arthur Miller alikwenda Beijing kuongoza Death of a Salesman kwa wachezaji Wachina. Aliwakataza kuvaa nywele za bandia ili wafanane na Wamarekani. Kisa kilibaki Brooklyn, nyuso zikabaki za Kichina, na watu wa Beijing wakaifahamu familia ile.

Tena Marekani si mbali na Handeni kama mnavyodhani. Wazigua ambao mababu zao walichukuliwa utumwani hadi Somalia katika karne ya 19 walikimbia vita baada ya 1991. Baadhi walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, na wengi wakapata uraia. Kuanzia 2003 Marekani ilipokea zaidi ya 10,000 wa jamii za Wabantu wa Somalia, wakiwamo Wazigua, na baadhi yao wakafika Lewiston, Maine. Huko, mwaka 2002, meya alikuwa ameshaandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali waliotangulia wapunguze kasi ya kuja.

Barua hiyo inanirudisha kwa Karl Lindner, Mzungu pekee katika tamthilia, anayewafuata akina Younger na fedha mkononi ili wasihamie mtaa wa Wazungu. Hansberry hakumbuni hewani: baba yake alinunua nyumba katika mtaa kama huo mwaka 1937, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1940. Lindner hatukani. Ana adabu, na adabu hiyo ndiyo ngumu kuicheza. Asipakwe unga usoni. Namtaka mtu mzima wa hapa hapa, mwenye sauti ya upole, aliyezoea kuendesha mikutano na kuwaambia watu kwamba jambo limeshaamuliwa kwa faida yao. Kama mnaye, mnipe jina lake kabla sijaondoka.