Safari ya Gari Kando ya Ziwa: Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Kuondoka

(Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za usafiri, jijini Mwanza)



Nimeombwa nizungumze juu ya kupanga safari ya gari, ya familia au ya kikundi, katika miji na vijiji vya kanda yetu hii ya Ziwa. Nafurahi kuwaona humu ukumbini akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, kwa sababu kila mwaka shule zinapofungwa mwezi Juni, ninyi ndio mnaochangishana fedha, mkakodi gari, mkawapeleka watoto kuona nchi yao. Na baadhi yenu ndio mnaokuja kutuona baadaye mkiwa na malalamiko ya haki kabisa, ila hamna hata kipande cha karatasi cha kuyathibitisha.

Nianze na hesabu, kwa kuwa safari nyingi huanza kuharibika hapo. Kutoka hapa hadi Musoma ni kilomita zipatazo 220. Kwenda Bukoba kwa njia ya Sengerema, Geita, Chato na Muleba ni kilomita zipatazo 400. Mtu akiwa sebuleni kwake hugawanya kilomita hizo kwa mwendo wa 100 kwa saa, akapata jibu zuri sana. Barabara ina jibu lake. Kila penye makazi kuna kibao cha 50, matuta na vivuko vya waenda kwa miguu. Kuna siku za mnada ambapo ng'ombe nao ni watumiaji wa barabara. Na pale Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, wanyamapori hukatiza barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Pigeni hesabu ya wastani wa kilomita 55 kwa saa, hamtajuta. Musoma ni saa nne. Bukoba ni zaidi ya saa saba, bado hamjasimama kula.

Nalisisitiza hili hasa kwa ajili ya upande wa magharibi. Tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, Ghuba ya Mwanza tunaivuka kwa dakika chache juu ya daraja la urefu wa kilomita tatu, mahali ambapo zamani tulisubiri kivuko juani. Ni neema kubwa. Lakini sasa wapo wenye magari wanaoiuza neema hiyo mara mbili: atakwambia Bukoba ni kwenda na kurudi siku moja, kwa sababu eti daraja lipo. Daraja limeondoa foleni ya Kigongo tu. Kilomita za kutoka Busisi hadi Bukoba ziko pale pale. Dereva atakayekubali kwenda na kurudi siku hiyo hiyo atakuwa usukani kwa zaidi ya saa kumi na nne, na watakaokuwa nyuma yake ni watoto wenu.

Upande wa mashariki una utajiri wa mambo ya kuona, na wengi wetu tunaupita tukiwa tumelala ndani ya basi. Kisesa ipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma, yenye ngoma na vitu vya kifalme. Mbele zaidi, mkikata kulia pale Makutano, mnafika Butiama, alipozaliwa na alipozikwa Mwalimu Nyerere. Mkitaka visiwa, mnaiacha barabara kuu pale Bunda, mnapita Kibara hadi Kisorya, na hapo kivuko kinawavusha hadi Rugezi, Ukerewe. Siku tatu zinatosha kwa mzunguko huo. Kwa siku mbili mtaona vumbi.

Atokaye mjini kwa njia hiyo ya Musoma, kabla hajafika Kisesa, hupita Igoma. Wenyeji mnajua yaliyoko Igoma: makaburi ya waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na bandari waliyokuwa wakiitazamia. Sikuja kuwahuzunisha, ila huwezi kuzungumzia safari za kanda hii kana kwamba ni za nchi kavu pekee. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 100. Waliopoteza maisha peke yao walizidi 220.

Watu wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wametoka sokoni na bidhaa zao, na kwao kulikuwa ng'ambo. Msafiri wa matembezi ana kitu ambacho wao hawakuwa nacho siku ile: anaweza kuahirisha. Anaweza kulala Kibara na kuvuka asubuhi. Lakini uwezo huo anao tu kama aliupangia nafasi tangu nyumbani. Kama chumba cha Nansio kimeshalipiwa, na fedha zilizobaki zinatosha mafuta ya kurudia peke yake, atapanda chombo kilichojaa huku akimwomba Mungu. Ndiyo maana nawaomba kila mpango wa safari uwe na nusu siku ambayo haijaandikiwa kazi yoyote, pamoja na fedha ya kulala usiku mmoja wa ziada. Mimi huiita akiba ya kukataa. Mke wangu huiita fedha za uoga, lakini ndiye anayeitunza.

Mkifika kwenye kivuko, kwanza ulizeni saa ya safari ya mwisho ya siku hiyo kwa wahudumu wenyewe, na msiridhike na maneno ya kijana anayeuza karanga, hata awe mkweli namna gani. Kama mnataka kurudi Mwanza kwa meli kutoka Nansio, ulizeni mapema kama chombo cha siku hiyo kinapakia magari. Abiria washuke garini wakati gari linapoingia na wakati linapotoka. Tazameni majaketi okozi yalipo, mvisheni mtoto wakati bado kuna utulivu, na hakikisheni majina yenu yameandikwa. Orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji ni nani wanayemtafuta. Mtakapoambiwa mwaloni kwamba kivuko kimeondoka lakini kuna boti ya injini inayoweza kuwawahisha, ulizeni cheti chake cha ubora kutoka TASAC na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Akianza kucheka, rudini garini.

Sasa nije kwenye gari lenyewe, na niruhusuni nijisimulie.

Mwaka 2017 nilifiwa na mjomba wangu Muleba. Habari zilinifikia asubuhi na maziko yalikuwa kesho yake saa saba. Nikapiga simu, nikapewa gari la watu saba, bei ya kwenda na kurudi. Sikuuliza neno. Tulipofika Kigongo, foleni ya kivuko ilikuwa imefika mbali, na dereva akanieleza kwa upole kabisa kwamba bei tuliyopatana ni ya barabara, na kivuko si barabara. Nikalipa. Tulipofika Geita giza lilikuwa limeingia. Akaomba posho ya kulala, la sivyo angegeuza. Nikalipa tena, maana shangazi zangu walikuwa nyuma wakilia, na mtu hawezi kujadiliana bei mbele ya kilio. Niliporudi Mwanza nikamtafuta mwenye gari. Akasema hajawahi kuzungumza nami; niliyezungumza naye alikuwa dalali. Na dalali alikuwa amebadilisha namba ya simu. Kazi yangu ni kuwashauri wengine juu ya mambo haya haya, na hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha.

Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali kwa sheria yetu, ila ugumu unakuja kwenye kuuthibitisha. Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe nani anakodisha na nani anakodi, namba ya gari, njia mtakayopita kwa majina ya miji, siku na saa ya kuanza na ya kumaliza. Hapo pa saa pana ugomvi mwingi, kwa sababu mwenye gari huhesabu siku kwa kalenda na mkodishaji huhesabu kwa saa 24. Gari likichukuliwa saa kumi jioni ya Ijumaa na kurudishwa saa nne asubuhi ya Jumapili, ni siku ngapi? Kwa kalenda ni tatu, kwa saa 24 hazifiki mbili. Andikeni mnatumia hesabu ipi. Kisha andikeni nani analipa mafuta, kivuko, maegesho, malazi na chakula cha dereva. Faini ya mwendokasi iwe ya dereva, ila mkimshinikiza akimbie, muwe tayari kuichangia. Haki haina upande mmoja. La mwisho, gari likiharibika Lamadi usiku, ni nani anatafuta lingine, kwa gharama ya nani, na malipo ya awali yanarudi kiasi gani. Mwenye gari mwaminifu hatakasirika kuulizwa hayo. Lipeni sehemu, si yote, na lipeni kwa jina lililo kwenye karatasi. Mpewe stakabadhi ya kielektroniki.

Liko jambo jingine ambalo watu hulidharau, nalo ni rangi ya kibao cha namba. Gari la biashara hapa nchini lina kibao cheupe, na gari la mtu binafsi lina kibao cha njano. Mnapokodi gari la kibao cha njano kwa sababu ni la jirani na ni la bei nafuu, fahamuni kwamba huenda bima yake imeandikwa kwa matumizi binafsi. Ajali ikitokea na ikabainika kwamba abiria walikuwa wamelipa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa madai. Nafuu ya bei haifiki gharama ya wodi. Stika ya bima inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA kwa kutumia namba ya gari. Ni jambo la dakika moja kwa mwenye simu ya intaneti, na asiye nayo anaye mjukuu.

Kuhusu mafuta, EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hutofautiana kati ya mji na mji. Safari ikianguka kwenye wiki hiyo, msifanye bajeti kwa bei ya mwezi uliopita. Jazeni tangi kwenye mji mkubwa kabla ya kuingia njia ya vijijini, hasa kabla ya kuiacha Bunda kwenda Kisorya.

Wanaochagua basi nitawaambia machache. Nunueni tiketi mtandao, si maneno ya mpiga debe. Iwe na jina lako, namba ya basi, kiti, saa na nauli uliyolipa. Nauli za daraja la kawaida na daraja la kati zina ukomo unaowekwa na LATRA kwa kilomita. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Viwango hupitiwa upya, kwa hiyo ulizeni kilichopo siku ya safari, zidisheni kwa kilomita, mtajua kama mmeongezewa. Basi la safari inayozidi saa nane linapaswa kuwa na madereva wawili. Si utovu wa adabu kumuuliza kondakta wa pili yuko wapi.

Mkikosewa, andikeni saa, mahali na namba ya gari hapo hapo, kabla hasira haijachanganya mambo. Malalamiko ya mabasi na magari ya abiria yapelekeni LATRA, ya vyombo vya majini TASAC, na la hatari inayotokea mbele ya macho yenu pigeni polisi 112. Mkiona hamsikilizwi, njooni kwetu na ile karatasi ya daftari.

Nimeandaa mfano wa makubaliano ya kukodi gari, ukurasa mmoja, uko mezani pale mlangoni. Chukueni nakala mbili mbili, moja ni ya mwenye gari. Naona wenzetu wa Kayenze wameanza kutazama saa kwa ajili ya usafiri wa kurudi, kwa hiyo naomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, maswali yaanzie kwao.