Kofia Yenye Bitana: Maneno ya Kikundi cha Ufumaji



Tumepewa dakika chache tueleze kwa nini tunaomba sehemu ya harambee ya mwaka huu. Wapo wanaotucheka: uzi wa sweta Nyarugusu, kwenye jua hili? Jamani, mtoto hazaliwi mkavu. Anatoka amelowa, kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, na joto linamtoka upesi hata mchana. Mwili wake unatakiwa uwe na nyuzi joto 36.5 hadi 37.5. Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 mara nyingi hana mafuta ya kutosha kumkinga. Ndiyo maana mtoto njiti hufungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi.

Sasa kosa letu. Kofia za kwanza tulizifuma kwa rangi mbili zipendeze. Ukifuma hivyo, rangi isiyotumika hupita nyuma ya vitanzi, na ndani ya kofia hubaki nyuzi zimelegea. Mkunga mmoja aliigeuza, akaingiza kidole chake cha mwisho, kikanasa. Akasema, "Mama zangu, uzi ukimzunguka mtoto kidole, damu haipiti." Tulinyamaza. Kofia zote tukarudi nazo nyumbani.

Baadhi yetu walitaka turudi kwenye rangi moja. Tukabishana jioni nzima. Lakini mama aliyejifungua kabla ya miezi kutimia ana mengi ya kuogopa. Apewe basi kitu kizuri. Tukaamua kuweka bitana. Tulijaribu khanga, haivutiki. Fulana kuukuu ya pamba inavutika pamoja na kofia: tunaichemsha, tunaikata, tunaishona kwa mkono ukingoni, mshono ukiwa upande wa sweta usimkwaruze mtoto. Vifungo na kamba hatuweki kabisa.

Sindano zetu ni spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Nne zinashika duara, ya tano inafuma. Na jambo moja hatulegezi, kwa kuwa wengi wetu tunaishi kwa dhahabu: aliyetoka mwaloni au aliyeshika zebaki hagusi uzi mpaka aoge na kubadili nguo.

Kofia hizi hatuuzi. Uzi tunaununua kwa fedha zetu, na mara nyingi unaisha kofia ikiwa nusu. Tunaomba fedha ya uzi, fulana za pamba mlizochoka kuvaa, na nauli ya kuzifikisha kwa wakunga.

Kofia chache ziko mezani pale mlangoni. Mkipita, zigeuzeni, muingize kidole.